Samaki-chura wa bahari yetu: namna ya kuwatambua bila kuwachanganya na samaki jiwe

Leo tuweke siasa kando kidogo tuingie baharini. Kuna swali naulizwa kila mara: na vijana wanaoanza kazi ya kuongoza wageni chini ya maji, na akina mama wanaochokoa pweza maji yakitoka, na hata jamaa zetu walioko Muscat na Ulaya wanaorudi likizo na kamera zao. Wananionyesha picha ya kitu kama jiwe lenye mdomo halafu wananiuliza, "Huyu ni samaki gani?" Mmoja anasema samaki jiwe, mwingine anasema samaki-chura, na ubishi unaanza hapo.

Ukiwa umekaa sebuleni unatazama picha, ubishi huo ni wa kupitisha muda. Ukiwa umesimama kwenye maji ya magotini na kandambili mguuni, habari ni nyingine kabisa. Samaki-chura hana mwiba wa sumu, wakati samaki jiwe ana miba inayoweza kuua mtu mzima. Na wote wawili wapo kwenye miamba yetu, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, Unguja, Pemba, Mafia na Komoro.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu majina. Majina ya samaki pwani hubadilika kijiji hadi kijiji, na hawa wasioingia sokoni ndio kabisa, kila mtu ana lake. Mimi nitamwita samaki-chura yule wa ukoo ambao wataalamu wanauita Antennariidae, na samaki jiwe yule Synanceia verrucosa. Majina ya kitaalamu nitayatumia inapobidi, msinichoke, maana ndiyo pekee ambayo mtu wa Mombasa na mtu wa Kilwa watayaelewa sawasawa. Niseme pia kwamba mimi ni mzamiaji kwa maana ya kupiga mbizi, si wale wa kuzamia meli kwenda Ugiriki!

Tuanze na mwenye hatari. Samaki jiwe hulala. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia. Anajifukia nusu kwenye mchanga, kwenye kifusi cha matumbawe au kwenye ufa wa mwamba, na umbo lake ni pana na bapa kama kitu kilichokanyagwa. Mdomo umeelekea juu moja kwa moja, na macho pia yanatazama juu. Ngozi haina magamba, ina vinundu, na mara nyingi mwani umeota juu yake. Mgongoni ana miba 13, kila mmoja na vifuko viwili vya sumu. Akitulia miba hiyo huwezi kuiona, imefunikwa na ngozi. Anafika sentimita 40, ingawa wengi tunaokutana nao ni wadogo kuliko hapo.

Kingine ambacho watu hawakijui ni kwamba samaki jiwe hakimbii. Kwa taa tunafundishwa kuburuza miguu mchangani ili asikie na aondoke. Kwa samaki jiwe mbinu hiyo haikusaidii kitu, yeye anabaki pale pale na anasimamisha miba. Na kandambili si kinga, miba yake inapita kwenye soli nyembamba. Anayekwenda kuchokoa pweza avae viatu vyenye soli ngumu na atazame pa kuweka mguu, basi. Tena anaweza kukaa nje ya maji kwa saa kadhaa akiwa hai, kwa hiyo yule mliyemwona ametupwa ufukweni msimchezee. Hata akifa miba bado ina sumu.

Mtu akichomwa, maumivu yanakuja mara moja na ni makali kupita maelezo. Mtoeni majini kwanza asije akazama. Kama kuna kipande cha mwiba kinachoonekana na kinatoka kirahisi, kitoeni. Kisha tumbukizeni mguu au mkono kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, yasizidi kama nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Sumu hii inaharibiwa na joto. Maji yajaribiwe kwanza na mtu mwingine kwa mkono wake, kwa sababu aliyechomwa anaweza asisikie joto akaungua. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba kubana mguu. Halafu hospitali, hata kama maumivu yamepungua, na kama anapumua kwa shida au anazimia msisubiri hizo dakika za maji ya moto, ondokeni naye. Dawa ya kupambana na sumu hii ipo, ilitengenezwa Australia mwaka 1959, lakini msiende mkitegemea kuikuta kwenye kila kituo cha afya cha kijijini. Maji ya moto ndiyo mliyo nayo, na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto kwenye boti haigharimu kitu.

Sasa samaki-chura. Huyu halali, huyu anakaa. Mwili wake ni wa duara, umebanwa ubavuni kidogo, kama mfuko uliojazwa upepo. Mapezi yake ya ubavuni ni kama mikono, yana kiwiko kabisa, na yale ya chini ni kama miguu midogo. Utamkuta amejishikilia juu ya sponji, kwenye ukuta wa mwamba, kwenye kamba ya boya au nguzo ya gati. Akitaka kuhama anatembea, na hii si lugha ya mafumbo, anapiga hatua kweli. Akiwa na haraka anasukuma maji kupitia tundu la matamvua, nalo lenyewe ni alama nzuri: ni kitundu kidogo cha duara kilichojificha nyuma ya kiwiko. Samaki jiwe ana kifuniko kikubwa cha matamvua kama samaki wengine.

Alama kuu kupita zote ni ndoana yake. Mwiba wa kwanza wa mgongoni umesogea mbele mpaka juu ya mdomo na umekuwa ufito mwembamba, na kwenye ncha yake kuna kitu kama chambo. Samaki huyu ni mvuvi. Anatulia, anachezesha ufito, samaki mdogo anakuja kutazama, na mdomo unafunguka na kufunga kwa muda usiofika hata sehemu ya mia ya sekunde. Jicho la binadamu halioni kilichotokea, unaona tu kwamba samaki mdogo hayupo. Anaweza kumeza samaki mrefu kuliko yeye mwenyewe.

Nyuma ya ufito kuna miba mingine miwili mifupi kichwani, minene, imefunikwa na ngozi, na hiyo haina sumu. Kwa hiyo ukiona ufito, tulia. Usipouona, usimhukumu kuwa ni samaki-chura. Mara nyingi ameukunja nyuma juu ya kichwa na hauonekani, lakini kosa la kumwogopa samaki-chura ni dogo na kosa la kumzoea samaki jiwe ni kubwa.

Yupo wa tatu anayeharibu hesabu, Scorpaenopsis diabolus, ambaye watu wengi humdhania kuwa ndiye samaki jiwe. Huyu naye ana miba ya sumu, ingawa si kali kama ya mwenzake. Mgongo wake una kibyongo, macho yako ubavuni zaidi, na akisumbuliwa anafunua upande wa ndani wa mapezi ya ubavuni wenye rangi kali ya machungwa na njano na weusi. Ukiona rangi hiyo ujue umeonywa, rudi nyuma.

Haya, tumeshajua kwamba tuliyenaye ni samaki-chura. Ni yupi? Hapa ndipo pana kazi, na kosa la karibu kila anayeanza ni kuuliza, "Yule wa njano anaitwaje?"

Hakuna samaki-chura wa njano. Yaani wapo wa njano, wekundu, weusi, weupe, wa kijani na wa zambarau, na wote wanaweza kuwa aina moja. Mmoja huyo huyo anaweza kubadilika rangi kwa siku au wiki kadhaa kufuatana na sponji aliyoikalia. Jambo hili liliwasumbua hata wasomi. Tangu karne ya 18 walikuwa wanapewa jina jipya kila walipoonekana na rangi mpya, mpaka majina yakapita mia. Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Theodore Pietsch na David Grobecker, walitoa kitabu kizima juu ya samaki hawa. Baada ya kuhesabu mifupa na mapezi badala ya rangi, aina halisi zilibaki kama 40 hivi. Tangu wakati huo nyingine mpya zimegunduliwa na leo zinazidi 50 duniani, ila somo la rangi halijabadilika: rangi iandike mwisho kabisa.

Cha kuandika mwanzo ni urefu wa ufito ukilinganisha na mwiba wa pili, ule ulio nyuma yake tu. Pili, chambo kina umbo gani. Tatu, mkia umeungana vipi na mwili. Ukiwa na hayo matatu na picha nzuri ya ubavuni, aina nyingi za kwetu unazimaliza.

Ufito ukiwa mrefu kama mara mbili ya mwiba wa pili, uko kwenye kundi la wakubwa. Mkubwa kuliko wote ni Antennarius commerson, anayepita sentimita 30, yaani kama mpira uliopungua upepo. Jina lake ni la Philibert Commerson, Mfaransa aliyezunguka dunia na Bougainville na kufariki Mauritius mwaka 1773, kwa hiyo tunaweza kusema ni samaki mwenye historia upande wetu huu wa Bahari ya Hindi. Chambo chake ni kama kamba mdogo. Mkubwa hivyo hana wa kumchanganya naye. Tatizo ni watoto wake, kwa sababu wanafanana sana na Antennarius pictus. Kinachowatenganisha ni vijiti vya mapezi: commerson kwa kawaida ana 13 kwenye pezi la mgongoni na 11 kwenye pezi la ubavuni, pictus kwa kawaida ana 12 na 10. Kuhesabu chini ya maji ni kazi ngumu, piga picha ukahesabie nyumbani. Ila pictus naye ana msaada mmoja, mara nyingi anakuwa na madoa meusi yenye ukingo mwepesi, na matatu kati ya hayo yako kwenye mkia. Yakionekana matatu hayo nami huwa nasema pictus bila kusita sana.

Wa tatu katika kundi hili ni Antennarius maculatus, mdogo, mara nyingi haziti sentimita 11 kwa urefu. Ngozi yake ina vinundu vingi kama ndimu kavu, na mara nyingi kuna pembetatu nyekundu au ya machungwa inayoanzia jichoni. Chambo chake kinafanana na samaki mdogo kabisa, kina hadi doa la jicho na mapezi. Hao hao Pietsch na Grobecker walikiandikia habari mwaka 1978 katika jarida la Science. Mtoto wake ni mweupe mwenye madoa ya machungwa, wa ukubwa wa ukucha, na inasemekana anawaiga wale minyoo bapa na konokono wasio na gamba ambao samaki hawawali kwa sababu ya sumu yao. Ukimwona mara ya kwanza utapita ukidhani ni uchafu wa karatasi.

Ufito ukiwa sawa na mwiba wa pili, angalia chambo. Kikiwa ni vipande virefu viwili vitatu, wakati mwingine zaidi, vinavyojinyonganyonga kama mnyoo, huyo ni Antennarius striatus. Huyu anapenda mchanga na matope, karibu na midomo ya mito na bandarini, kuliko matumbawe mazuri ya kadi za posta. Vitabu vingi vinamwonyesha akiwa na mistari myeusi na nywele ndefu mwili mzima, kama mbuzi aliyelowa. Lakini yupo asiye na nywele, na yupo mweusi tii asiye na mstari hata mmoja. Mnyoo ule mweupe unaochezacheza mbele ya giza ndio unaomtaja.

Ndugu yake Antennarius hispidus ana mistari ile ile, na kwa mbali huwezi kuwatenganisha. Chambo cha huyu si mnyoo, ni kishada cha nyuzi nyingi laini, kama pamba iliyochambuliwa ikawekwa kwenye kijiti. Kwa hiyo mtu akiniletea picha ya samaki mwenye mistari na ufito haujaonekana, namjibu hispidus au striatus na naishia hapo. Kubahatisha si kutambua.

Halafu kuna wadogo wa kwenye miamba, ambao ndio wanaopatikana zaidi kwenye mabwawa ya mwambani maji yakitoka, na ndio wanaopuuzwa zaidi. Hapa angalia shina la mkia. Ukimkuta mdogo ambaye mapezi ya nyuma yameungana na mkia moja kwa moja, hakuna shingo ya mkia kabisa, huyo mara nyingi ni yule aliyeitwa Antennarius coccineus miaka mingi na ambaye sasa wengi wanamwandika Abantennarius coccineus. Ikiwepo shingo fupi ya wazi, na chini ya pezi la mgongoni kuna doa moja jeusi la duara, fikiria nummifer. Wote wawili ufito ni mfupi na chambo ni kishungi kidogo kisicho na mvuto. Msishangae kuona majina mawili kwenye vitabu vya miaka tofauti, vipimo vya vinasaba vimewahamisha jenasi. Samaki ni yule yule.

Mwingine mdogo, Antennatus tuberosus, anakaa ndani kabisa ya matawi ya matumbawe. Ana mistari myembamba kama wavu na ufito wake hauna chambo cha maana, ni kijiti kitupu. Nampenda kwa sababu hiyo, mvuvi asiye na chambo na bado anakula!

Yupo mmoja asiyekaa chini kabisa, Histrio histrio. Huyu anaishi kwenye mwani unaoelea, ule wa kahawia wenye vipovu kama zabibu unaosukumwa na pepo. Ngozi yake ni laini kuliko ya wengine, ina vipande vinavyoning'inia kama majani, na rangi ni njano na kahawia kama mwani wenyewe. Nyie wavuvi mnaopita kwenye mafungu hayo ya mwani, chukueni ndoo, wekeni fungu moja ndani na mlitikise taratibu. Mkibahatika ataanguka, na mtamtambua bila kuhesabu chochote. Akiwa ndoo moja na samaki wengine wadogo atawala, hata wa aina yake mwenyewe, kwa hiyo mrudisheni baharini upesi.

Nimeulizwa pia kuhusu yule mwenye mistari ya kuzungukazunguka kama alama za vidole, uso bapa, macho mbele. Huyo ni Histiophryne psychedelica wa Ambon, Indonesia. Wapiga mbizi walimwona huko mwaka 2008 na akapewa jina rasmi mwaka 2009. Mgeni akija na picha yake kwenye simu akidai kwamba jirani alimwona Mnemba, mpe pole na umwonyeshe commerson. Picha nyingi za mtandaoni zinatoka Indonesia na Ufilipino, na aina nyingine za huko hazijawahi kupatikana kwetu.

Nina jambo moja la kuwaambia wenzangu waongozaji, na wengine watanuna. Nimemwona kijana wa kampuni moja, sitaitaja, akimbeba samaki-chura kwenye kiganja ili wageni wapige picha, na mwingine akimchokoa kwa kijiti apige miayo. Samaki huyu akiachwa anaweza kukaa sponji moja kwa wiki kadhaa, na wewe una uhakika wa kumwonyesha mgeni wa kesho na keshokutwa. Akisumbuliwa anahama, na kwa jinsi alivyojificha hutampata tena. Lakini linalonitia hofu zaidi ni mkono wenyewe kuzoea. Mgeni aliyeona mwongozaji akimshika jiwe lenye mdomo atakwenda kwingine akutane na jiwe lingine lenye mdomo, kwenye maji yenye ukungu, bila mwongozaji. Na huyo wa pili ana miba 13.

Kwa hiyo kwenye boti yangu sheria ni kwamba hatugusi, hata nikiwa na uhakika mia kwa mia. Tunakaa umbali wa mkono mmoja, tunashuka chini mpaka tuwe sawa naye, na tunapiga picha ya ubavuni. Picha ya kutoka juu ni nzuri kwa kadi ya sikukuu lakini haionyeshi ufito, haionyeshi kiwiko, haionyeshi shingo ya mkia. Ya pili piga kichwa peke yake ukisubiri atoe ufito, inaweza kuchukua dakika kumi, kwa hiyo angalia hewa yako. Ya tatu piga mahali alipo, kama ni sponji, mchanga au mwani, na uandike kina.

Wenye picha za Pemba na Mafia, hasa za wale wadogo wa mabwawa ya mwambani, naziomba. Ila tafadhali ziwe za ubavuni.